Wembe Ndani ya Spika

Fundi redio wa mtaani kwetu Ipuli, Tabora, ana dawa moja ya spika iliyopasuka. Anachukua karatasi laini, anaipaka gundi, anaibandika juu ya mpasuko, kisha anaianika spika juani mpaka jioni. Ikirudishwa ndani ya boksi lake, mkoromo umekwisha. Nilipompelekea yangu, akiwa anaigeuzageuza mkononi, nikamweleza kwamba mwaka 1964 kijana mmoja wa London aliichana spika yake kwa wembe, makusudi kabisa, na wimbo aliourekodi kwa spika hiyo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mzee alinyamaza kidogo. "Aliichana wapi, mwanangu? Pembeni au katikati?"

Hilo ndilo swali la kuulizwa, na wanaoandika kuhusu albamu ya kwanza ya Kinks, bendi ya kijana huyo, hulipita haraka. Wengi huiita santuri ya makelele ya vijana, wakaihesabu miongoni mwa nguzo za roki ya gereji, jina ambalo baadaye walipewa hasa vijana wa Marekani waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye mabanda ya magari ya wazazi wao. Mimi nataka kuihukumu kwa kazi ya mikono: mkwaruzo ule ulitengenezwaje, ukapewa kazi gani, na kwa nini ndani ya nyimbo 14 umekaa sawasawa katika mmoja tu.

Mwenye wembe ni Dave Davies, aliyekuwa na miaka 17. Alikuwa na amplifaya ndogo ya bei rahisi aina ya Elpico. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliikata koni ya spika kuanzia katikati kwenda ukingoni, ikabaki imechanika bila kuanguka. Spika nzima husukuma hewa kama kitu kimoja. Iliyochanwa ina vipande vingi, kila kimoja kinatikisika kwa haraka yake na kumgonga mwenzake, na hapo zinazaliwa sauti za juu ambazo waya wa gitaa haukuzitoa. Kisha akaichukua sauti hiyo iliyokwisha kuumia akaiingiza kwenye amplifaya kubwa, Vox AC30. Kubwa ikapokea nguvu kuliko inavyoweza kumeza, ikaanza nayo kukata vilele vya mawimbi. Kwa hiyo masikio yanapata mkwaruzo wa tabaka mbili: wa karatasi iliyochanika, na wa umeme uliozidi.

Lakini wembe peke yake haufanyi wimbo. Angalia kodi za gitaa alizochagua. Kodi kamili, ile ambayo mpiga ridhimu wa dansi huishika usiku kucha, ina noti ya kwanza, ya tatu na ya tano. Noti ya tano kwenye gitaa iko karibu kabisa na mahali pake pa asili. Ya tatu, kwa jinsi chombo chenyewe kinavyopangwa, imeteleza kidogo. Sauti ikiwa safi, sikio linausamehe utelezi huo. Sauti ikikwaruzwa, noti huzaana zenyewe kwa zenyewe, na kosa dogo linageuka mnguruko mchafu unaomeza kila kitu. Katika "You Really Got Me", wimbo ule ulioshika nafasi ya kwanza, Dave anashika ya kwanza na ya tano, basi. Nafasi ya ile ya tatu ameiacha wazi, mkwaruzo umeijaza. Sidhani kama alipiga hesabu. Alisikiliza kwa sikio, na sikio lilimwambia kweli.

Wimbo wenyewe ulitungwa na kaka yake, Ray, kwenye piano sebuleni kwao Muswell Hill. Kodi mbili zinapishana kwa toni moja. Halafu mwendo ule ule, bila kubadilishwa hata pigo, unapandishwa toni moja nzima, na baadaye unapandishwa tena juu zaidi. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi ataelewa mara moja kinachofanyika. Sisi tumezoea wimbo uanze kwa utulivu, waimbaji wamalize habari yao, ndipo magitaa yafungue chemko na watu wainuke. Ray Davies ameanza na chemko tangu sekunde ya kwanza, kwa hiyo hana pa kwenda ila kupanda. Anapanda ngazi, na wimbo unakwisha muda mfupi tu baada ya dakika mbili, kabla miguu haijachoka.

Ulikaribia kuharibiwa. Walipourekodi mara ya kwanza ulitoka wa polepole, umejazwa mwangwi, na Ray akakataa usiuzwe. Wakaurudia Julai 1964 katika studio ya IBC, London. Shel Talmy, Mmarekani aliyesimamia kazi hiyo, alimweka Bobby Graham, mpiga ngoma wa kukodiwa, na mpiga ngoma wa bendi, Mick Avory, akabaki na tari. Baadhi ya mashabiki huliona hilo kama dhuluma. Mimi nasikia faida yake: ngoma ya Graham imenyooka kama reli, haichezi na gitaa wala haishindani nalo, na kitu kilichochanika kinahitaji ubao ulionyooka wa kuegemea.

Sasa nirudi kwetu. Kusifu mpasuko kama ugunduzi wa London ni kusahau kilichoko njiani. Ukipanda treni hapa Tabora kuelekea Dar es Salaam unakatiza Ugogo. Wagogo wana ilimba, marimba ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku la mbao. Sanduku hilo lina tundu, na juu ya tundu fundi hubandika utando wa buibui. Chuma kikilia, utando unatikisika, na kila noti inatoka ikiwa na mvumo mwembamba pembeni yake. Ilimba isiyovuma haijakamilika. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya, na waliomsikia hawakufikiri chombo chake kibovu.

Utando wa buibui na koni iliyochanwa vinafanya kazi moja: kumwongezea mpigaji sauti ya pili isiyo ya kwake, inayomfuata kila aendako. Tofauti iko kwenye kipimo. Mvumo wa ilimba uko katika kila wimbo kwa sababu umo mwilini mwa chombo. Mkwaruzo wa Dave ulikuwa wa tukio moja, na hapo ndipo nailaumu albamu.

Santuri ndefu, iliyoitwa *Kinks* tu, ilitolewa na kampuni ya Pye tarehe 2 Oktoba 1964, miezi miwili tu baada ya wimbo uliowapa jina, na haraka hiyo inasikika. Tungo za Ray ni sita. Nyingi zilizobaki ni kopi za Wamarekani: Chuck Berry mara mbili, Bo Diddley, Slim Harpo. Kupiga kopi si dhambi, na bendi zetu nyingi zilijifunza kutembea kwa Wacuba na Wakongo. Ila kopi nzuri hulazimisha wimbo wa mwenzio upite kwenye mlango wako. "Beautiful Delilah", unaofungua upande wa kwanza, unapita: Dave anauimba mwenyewe, na koo lake limechanika kama spika yake. "Got Love If You Want It", unaofunga upande wa pili, pia unapita. "Too Much Monkey Business" haupiti, wanakimbia nyuma ya Berry bila kumfikia. Zile mbili za upara, "Bald Headed Woman" na "I've Been Driving on Bald Mountain", zilitoka kwa Talmy, na zinasikika kama nguo za kuazima.

Ukitoka "You Really Got Me", gitaa linarudi kuwa jembamba na safi, kana kwamba mtu ameibandika karatasi ya fundi wangu juu ya mpasuko. Wimbo wa pekee ninaousamehe kabisa kwa usafi huo ni "Stop Your Sobbing". Pale Ray hahitaji wembe. Ametunga maombi ya upole yenye umbo kamili, ndiyo maana mwaka 1979 bendi ya Pretenders iliuchagua kuwa santuri yao ndogo ya kwanza.

Nimeulizwa na vijana kwa nini wazee wa dansi wa mji huu, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz, hawakuchana spika zao. Jibu liko kwenye mpangilio. Dansi ina gitaa la solo, la sekondi na la ridhimu, kila moja limeshika njia yake, na utamu unatokana na kuzisikia njia zote tatu kwa pamoja bila kugongana. Ukizikwaruza zinavurugika kama rangi tatu ndani ya kopo moja. Kinks walikuwa na njia moja tu ya gitaa, nene, na mkwaruzo ukawa ndio nyama yake. Shem Karenga na wenzake wa Tabora Jazz walikuwa na nyama ya kutosha kwenye waya.

Kwa hiyo hukumu yangu: albamu ina wimbo mmoja uliojengwa kwa akili kutoka karatasi ya spika hadi ngazi ya mwisho, mmoja ulioandikwa vizuri, kopi mbili zenye damu, na nyingine za kujazia. Kwa vijana wa umri ule si haba. Ningependa kuisikia ile ambayo hawakuirekodi, yenye wembe katika nyimbo zote sita za Ray.

Jioni nilirudi kuchukua spika. Mzee alikuwa ameshaiunganisha, akaniambia niupige huo wimbo wa mtoto wa wembe. Nikaupiga kwenye simu, ukapita kwenye redio. Gitaa lilipoanza kukoroma aliinama haraka, akaweka kiganja juu ya koni kuona kama gundi imeachia. Ilikuwa imeshika. Akaubakisha mkono pale mpaka wimbo ulipokwisha.