Alama za Msomaji

Mlandege karatasi haikai bure. Kata hii ya mjini Iringa huamka na biashara, na karatasi iliyomaliza kazi ofisini au shuleni hupewa kazi ya pili: itafungia karanga, itawashia mkaa, itaziba ufa wa dirisha baridi ya Juni ikipiga. Anayeokoa bahasha kuukuu katika rundo kama hilo, akaifuta vumbi na kuilaza kati ya karatasi mbili safi, watu humwona hana shughuli. Mimi namsifu, hasa akiwa mkusanyaji wa vitu vya maktaba: bahasha na vifungashio vilivyopita posta vikiwa na vitabu, kadi za wasomaji, kadi za katalogi, karatasi za tarehe za kurudisha. Kitabu hubeba jina la aliyekiandika na aliyekichapa. Aliyekisoma hana pa kuandikwa ila katika vitu hivyo.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini, maktaba ilitangulia kuja kwa posta kabla ya kupata paa. Mwaka 1948 lilianzishwa mjini Nairobi shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Pamoja na kuchapisha, lilipeleka masanduku ya vitabu kwa vikundi vya wasomaji, na aliyekaa mbali aliweza kuazima kwa posta, akisoma na kurudisha kwa njia ileile. Mji wa Iringa hauna reli. Hata reli ya TAZARA ilipojengwa miaka ya 1970, ilipitia Makambako kwenda Mbeya na kuuacha mji wetu kando. Kitabu cha kuja huku kilipanda mlima kwa barabara, na kwa barabara kilirudi.

Mwaka 1960 Sidney Hockey, aliyesimamia maktaba za shirika hilo, alitoa ripoti iliyopendekeza kila nchi ijenge huduma yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963, Max Broome akawa mkurugenzi wa kwanza, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Baadaye Ezekiel Kaungamno akawa Mtanzania wa kwanza kuiongoza huduma hiyo, na sheria ya 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Hayo yamo katika vitabu vya historia. Ila kitabu kilivyosafiri hadi mkononi mwa karani wa kijijini, hilo limebaki kwenye bahasha.

Na bahasha husema, kwa anayejua kuisoma. Wakusanyaji wengi wa stempu huanza kwa kuiloweka bahasha ili stempu ibanduke. Mkusanyaji wa vitu vya maktaba hailoweki wala haikati. Anwani, muhuri wa posta, stempu na jina la mtumaji ni ushahidi mmoja, na ukivitenganisha umeuvunja. Muhuri hutaja mji na siku. Ukiwa umefifia, stempu husaidia: zile za wakoloni zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika zilipisha stempu za Tanganyika siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, na baada ya Muungano likaja jina la Tanzania. Hata jumla ya ada hueleza, kwa kuwa stempu za thamani kubwa huashiria mzigo mzito, pengine vitabu kadhaa kwa mpigo.

Karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada nayo ina lugha yake. Tarehe zilizobanana zinaonyesha kitabu kilichogombewa. Pengo la miaka linauliza kilichowatenga wasomaji. Kitabu cha kilimo kinachoazimwa kila mara kabla ya mvua za Novemba kinasimulia habari ya wakulima ambao majina yao hatutayapata popote. Kadi ya katalogi, ya sentimita 12.5 kwa 7.5, yenye tundu chini la kupitishia chuma cha droo, inaonyesha mkutubi alivyokipanga kitabu kati ya elimu zote za dunia. Kwa mpango alioubuni Melvil Dewey mwaka 1876, fasihi ya Kiswahili inakaa namba 896.392. Kuikuta namba hiyo imepigwa kwa taipureta juu ya kadi iliyochakaa pembe kwa vidole vya wasomaji ni furaha ambayo stempu adimu hainipi.

Kadi za uanachama hutunza pia habari za waliozuiwa. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi iliwahudumia Wazungu peke yao. Kadi ya zamani ya maktaba hiyo ni hati ya ubaguzi, hata ikiwa imechapwa vizuri. Anayeitunza anatunza ukweli huo.

Kazi hii inadai mkono mtulivu. Maelezo huandikwa kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni: kitu kilipatikana wapi, kwa nani, lini. Selotepu haigusi karatasi ya zamani, maana gundi yake huacha doa lisilotoka. Baridi yetu ni rafiki wa karatasi kuliko joto na unyevu wa pwani, lakini mchwa hawana mkoa, na masika huingia hata kabatini. Sharti zito kuliko yote ni la uaminifu: usibandue chochote kwenye kitabu ambacho bado ni mali ya maktaba. Aliyechana karatasi ya tarehe ili aipambe nyumba yake ameiba, hata angeitunza kwa upendo namna gani.

Tena mkusanyo haujatimia ukiwa wa mtu mmoja. Iringa ina maktaba ya mkoa, na Boma la Wajerumani sasa ni makumbusho. Huko ndiko vitu hivi vinastahili kufika, vikiwa na maelezo yake, ili mwanafunzi wa historia avione bila kubisha hodi nyumbani kwa mtu.

Taifa hili liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, likawakalisha wazazi na mabibi zetu darasani jioni, baada ya jembe. Tumehifadhi hesabu za waliojua kusoma. Walichokisoma baada ya hapo hatujakihifadhi kwa bidii hiyo, na sehemu ya jibu imo katika masanduku ya marehemu, katika makabati ya walimu wastaafu, katika marundo yanayouzwa kwa kilo. Kabla hujayauza, pekua. Ukikuta muhuri wa maktaba, ulipopita msomaji umepaona. Mtunzie nafasi yake katika historia.