Kalamu Inayosubiri

Mnywaji wa miaka mingi akianza kusahau, mtaa mzima huwa umekwisha kutoa hukumu: pombe imemmaliza akili. Daktari hodari haandiki neno dimensia siku hiyo. Ustadi ninaousifu uko hapo, kujua kipi cha kufanya sasa hivi na kipi cha kungoja.

Vitamini B1 haingoji. Mlevi wa kudumu hula kidogo, na pombe huzuia mwili kuifyonza vitamini hiyo. Ubongo ukiikosa, mtu huchanganyikiwa, macho huchezacheza, miguu hupepesuka hata akiwa hajaonja tone. Carl Wernicke alizieleza dalili hizo mwaka 1881, ila wagonjwa wengi hawaji nazo zote tatu, kwa hiyo daktari makini hasubiri zitimie. Anachoma B1 kabla ya dripu ya glukosi.

Kisha anamwambia mgonjwa anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayesimamisha daladala. Vikipigapiga, shaka inaelekea kwenye ini. Anauliza pia kuhusu kuanguka, maana damu huweza kujikusanya taratibu ndani ya fuvu na kuonekana kama usahaulifu.

“Shikamoo, mzee. Jana ulikuwa wapi?”

“Marahaba. Nilikwenda Moshi kununua mbolea.”

Mzee yumo wodini tangu juma lililopita, wala hadanganyi. Ubongo wake unaziba pengo kwa kumbukumbu isiyo ya kweli, hali inayohusishwa na jina la Sergei Korsakoff wa Urusi. Daktari hambishii. Anaandika jibu, kesho anauliza tena.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilitengenezwa kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee, wakiwamo wasiosoma. Mzee hahitaji penseli: anapanga njiti za kibiriti kwa kufuata mfano, anataja wanyama, anakumbuka maneno aliyosomewa. Nazipenda njiti zile. Hazimwaibishi mtu aliyekosa shule.

Lakini majibu ya siku za mwanzo yanaweza kuwa ya arosto tu, yaani mwili unaolalamikia kukosa pombe. Vigezo vinavyojulikana vya dimensia ya pombe vinataka walau siku 60 bila pombe kabla ya kuhitimisha, na wapo ambao katika muda huo akili hurejea kwa kiasi kikubwa.

Ndugu mnaompeleka mgonjwa, semeni kweli anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Wala msimkatishe ghafla nyumbani bila daktari. Arosto ya pombe inaweza kuua.