Kutoka Kupoza Umeme hadi Kufuta Ombi: Uhakiki wa Istilahi za Hifadhi ya Pamoja ya Mafaili katika Mfumo wa Makontena

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika maneno ya mtumiaji wa kawaida. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulimlenga mtumiaji huyo: mtu mmoja mbele ya kompyuta moja. Mifumo mingi ya leo huendeshwa kwa makontena, yaani programu zilizofungwa pamoja na mahitaji yake ili ziweze kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine. Msimamizi mashuhuri wa makontena hayo ni Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014. Kontena huweza kuzimwa na kuundwa upya wakati wowote, lakini mafaili hayapaswi kutoweka pamoja nalo. Kwa sababu hiyo mafaili huwekwa nje, katika seva inayofikiwa na makontena mengi kupitia mtandao, aghalabu kwa itifaki ya NFS iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Sehemu hii inahakiki namna dhana za hifadhi hiyo zinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba tafsiri mkopo, ambayo ndiyo njia nyepesi kwa mfasiri, inaweza kumfanya msomaji apoteze mafaili.

2.0 Kigezo kutoka Zuzu

Katika kata ya Zuzu, jijini Dodoma, kipo kituo kikubwa cha gridi ya Taifa ambamo umeme wa msongo mkubwa hushushwa. Wahandisi, watangazaji na wananchi hukiita kituo cha kupoza umeme. Kupoza si tafsiri ya neno lolote la Kiingereza linalotumika kwa kituo hicho. Ni kitenzi kilekile cha uji na chai. Kisayansi umeme haupoi, bali msongo wake hupungua. Hata hivyo, neno hilo humwambia msikilizaji jambo analopaswa kulijua: umeme ulioko upande wa kuingia haugusiki, nao hauna budi kutulizwa kabla ya kuelekea kwa mtumiaji.

Mfumo wa PEGITOSCA wa Kiingi, unaotumika sana katika tasnifu za istilahi, hupima neno kwa vigezo kama vile usahihi, iktisadi na uangavu. Kwa vigezo hivyo, kupoza kungepungukiwa katika usahihi na kufaulu katika uangavu. Lakini kuna swali ambalo vigezo hivyo haviliulizi moja kwa moja: je, msomaji aliyelielewa neno hivyo atatenda nini? Swali hilo linaitwa hapa kigezo cha tendo, na ndilo linalotumika katika uchambuzi unaofuata.

3.0 Uchambuzi

3.1 Kusafirisha

Katika NFS, seva hutaja makabrasha inayoyaruhusu kufikiwa na kompyuta nyingine. Kiingereza hutumia kitenzi cha biashara ya nje, na tafsiri mkopo yake ni kusafirisha. Lakini mzigo uliosafirishwa umeondoka ulikokuwa, ilhali mafaili ya NFS hayaondoki kwenye diski ya seva. Msomaji anayeamini kuwa amepokea nakala iliyosafirishwa anaweza kuifuta bila wasiwasi, kumbe amefuta faili pekee lililokuwapo, kwake na kwa wenzake wote. Kufungulia kunafaa zaidi, kwa kuwa ghala lililofunguliwa hubaki mahali pake.

3.2 Mara moja

Kubernetes hutofautisha hifadhi inayoweza kuandikwa kutoka nodi moja na ile inayoweza kuandikwa kutoka nodi nyingi. Jina la Kiingereza la aina ya kwanza, likitafsiriwa neno kwa neno, hutoa kusoma na kuandika mara moja. Katika Kiswahili, mara moja ni idadi ya matukio au ni haraka, na maana zote mbili hazihusiki. Kosa hili halikuanzia kwa mfasiri. Jina la asili lenyewe huwafanya wasomaji wake wadhani kuwa ni kontena moja tu linaloruhusiwa, ilhali makontena kadhaa ya nodi moja yanaweza kuitumia hifadhi hiyo. Baadaye iliongezwa aina nyingine mahususi kwa podi moja. Mfasiri anayesema hifadhi ya nodi moja na hifadhi ya nodi nyingi atakuwa ameeleza vizuri kuliko matini chanzi.

3.3 Ngumu na laini

NFS huweza kupachikwa kwa namna mbili ambazo Kiingereza huziita ngumu na laini. Seva ikizimika, tuseme kwa sababu ya kukatika kwa umeme, namna ya kwanza huifanya programu isubiri hadi seva irejee. Ya pili hukata shauri baada ya majaribio kadhaa na kurudisha hitilafu, na maandishi yaliyokuwa njiani yanaweza kuharibika. Laini, kwa Kiswahili, ni sifa ya upole, hivyo msomaji atachagua kwa kujiamini namna yenye hatari zaidi kwa data zake. Upachikaji wa kusubiri na upachikaji wa kukatiza husema kinachotokea.

3.4 Dai na ombi

Hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Mtumiaji wa Kubernetes huandika tamko la kuhitaji hifadhi, na mfumo hulifunganisha na hifadhi moja. Tamko hilo linaweza kuitwa dai au ombi. Dai lina harufu ya mgogoro na deni. Ombi ni la adabu na linaeleweka, na kwa PEGITOSCA lingeshinda. Lakini katika lugha ya ofisi, kufuta ombi ni kughairi tu: hakuna kinachoharibika. Katika Kubernetes sivyo. Hifadhi iliyoandaliwa kwa mkono hubaki kwa kawaida baada ya tamko kufutwa. Hifadhi iliyoundwa na mfumo wenyewe kwa kujibu tamko hufuata kanuni ya kufutwa, isipokuwa msimamizi ameelekeza vinginevyo, na mafaili huweza kutoweka nayo.

Istilahi inayopendekezwa ni hati ya hifadhi. Kwa msomaji wa Tanzania, kufuta hati ya ardhi si kughairi, bali ni kuondoa haki ya mtu juu ya mali. Mkono wake utasita kabla ya kutoa amri, na kusita huko ndiko kunakotakiwa.

4.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kuwa amri zenyewe zitabaki kwa Kiingereza, hivyo istilahi hazina uzito. Ni kweli amri hazitafsiriwi. Lakini uamuzi wa kutoa amri hufanyika katika maelezo, na maelezo ndiyo yanayofundishiwa. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: hati huficha kwamba tamko huanza likiwa bado halijapata hifadhi. Udhaifu huo ni wa kweli, na unahitaji kivumishi, yaani hati inayosubiri. Hata hivyo, anayekosea hapo hupoteza muda, ilhali anayedanganywa na ombi hupoteza mafaili.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kuwa istilahi angavu inaweza kuwa istilahi ya hatari, pale uangavu wake unapoelekeza kwenye tendo lisilofaa. Inapendekezwa kwamba wasanifishaji wapime kila istilahi ya mfumo wa pamoja pamoja na vitenzi vyake, hasa kufuta, kabla ya kuiidhinisha.