Mwiko wa Jikoni na Mwiko wa Mwashi: Kuisoma Upya "Nguzo Mama"

Katika makala haya nakusudia kuijadili tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Lakini sitaanza na tamthiliya yenyewe. Nitaanza na kosa langu.

Nikiwa mwaka wa pili hapa Mlimani niliandika insha ya semina kuhusu mchezo huu. Nilihitimisha kwa maneno ambayo wengi wetu tumekwisha kuyaandika: kwamba wanawake wa kijiji cha Patata wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu hawapendani, na kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenyewe. Nilipata alama nzuri, nikafurahi. Leo nasema kwamba insha ile ilikuwa na ufa. Aliyenionyesha ufa huo hakuwa mhakiki wala mhadhiri. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, saidia fundi wa uashi huko Old Moshi.

Kwa msomaji ambaye hajaisoma tamthiliya, nieleze kwa ufupi. Wanawake wa Patata wanatakiwa kuisimamisha Nguzo Mama. Wengi wao hawana majina ila namba tu, mpaka kufikia Bi Nane. Kila anayekuja anakuja na yake. Yupo mwenye mume asiyejali, yupo anayehangaikia riziki, yupo mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu mumewe. Wanagombana, wanatawanyika. Chizi anayatazama yote hayo na kuyasema, maana katika jamii kama ile mwenye ruhusa ya kusema kweli ni yule anayehesabiwa kuwa hana akili. Mchezo unakwisha na nguzo haijasimama.

Sasa turudi Old Moshi. Ilikuwa likizo ndefu, mwezi wa saba, wakati ule ambapo ukungu unashuka migombani asubuhi na jua halionekani mpaka saa tano. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba moja iliyokuwa ikiongezwa baraza mbele, baraza la nguzo nne. Alikuwa ameshapitia mafunzo ya uashi na cheti anacho. Tangu Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, msichana anayetaka kujifunza uashi hahitaji kuomba radhi kwa mtu. Mlango upo na sheria inaujua. Lakini sheria hiyo haimfuati mpaka kwenye kiwanja cha ujenzi. Pale kiwanjani, cheti au bila cheti, yeye alikuwa wa kuchota maji, kuchekecha mchanga na kubeba karai la zege. Mwaka wake wa pili huo. Vijana waliokuja nyuma yake walikuwa wameshakabidhiwa mwiko.

Jioni moja alikuta kitabu changu mezani akakisoma chote kwa taa ya chemli, mikono bado ina simenti kwenye kucha. Nilimwuliza amekionaje. Nilitegemea aniambie kuhusu wanaume, au kuhusu wivu wa wanawake. Akaniuliza hivi: "Dada, msingi wa hii nguzo aliuchimba nani?"

Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni ishara tu, si nguzo ya kweli. Hakucheka. Akasema, "Sawa, ni ishara. Lakini ishara ya nguzo. Nguzo haisimamishwi kwa kupendana."

Kesho yake nikaenda naye kiwanjani, nikakaa juu ya rundo la mawe meusi ya mlimani kwetu nikatazama. Naomba msomaji anivumilie nieleze nilichokiona, maana ndicho kiini cha hoja yangu. Kwanza unachimba shimo mpaka ukutane na udongo mgumu. Huko kwetu kwenye mteremko si kazi ndogo, kwa sababu udongo wa juu ni laini na mvua za masika huupeleka. Chini kabisa unamwaga zege la kitako, na nondo zinaanzia humo humo kitakoni, hazichomekwi baadaye. Nondo zinafungwa ringi kwa waya, ringi moja baada ya nyingine, nafasi sawasawa. Kisha boksi la mbao, halafu timazi: kamba yenye uzito, inayoning'inia upande huu na upande ule mpaka boksi likubali kwamba limenyooka. Zege nalo lina hesabu yake: ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, nne za kokoto. Unashindilia, la sivyo linabaki na matundu. Ukimaliza unafikiri umemaliza, kumbe bado. Nguzo inamwagiwa maji asubuhi na jioni, siku saba au zaidi, na wahandisi hupima nguvu ya zege baada ya siku 28.

Baada ya kuyaona hayo nilirudi kwenye kitabu, na nikakiona kitabu kingine.

La kwanza nililoliona ni kwamba Nguzo Mama inatajwa kama kitu ambacho kipo tayari, kinachongoja tu kuinuliwa. Wanawake wanaitwa, wanakuja, wanaambiwa isimamisheni. Katika wanawake wote hao simwoni anayetambulishwa kwetu kwa ujuzi wa kujenga. Tunawajua kwa waume zao, kwa watoto, kwa misiba, kwa biashara ndogo ndogo. Wanaletwa kwenye kazi ya fundi bila kupewa ufundi, halafu wakishindwa tunasema wana wivu. Jamani! Ukichukua wanaume wanane ambao hawajawahi kushika timazi, ukawakabidhi nguzo, na kila mmoja ana mgonjwa nyumbani na chungu jikoni, watagombana au hawatagombana?

La pili ni muda. Nguzo inadai mtu awe nayo mfululizo. Lakini kila mwanamke wa Patata anaitwa kutoka pale, mara na mume, mara na shemeji, mara na njaa ya watoto. Katika insha yangu niliziita hizo "visingizio". Kumbe hizo ndizo kazi. Ni kazi zinazofanyika kila siku bila ujira na bila jina, na kijiji kizima kinakula kwa ajili yake. Mwandishi hakuziweka pale kama vikwazo vya kupambia mchezo. Amezipanga moja baada ya nyingine, kama ringi, ili tuone uzito wote unakaa wapi. Sisi wasomaji tukazitazama tukaona ugomvi tu.

Hapa lugha yetu yenyewe ina jambo la kutufundisha. Neno "fundi" halina jinsia. Hakuna kiambishi kinachosema fundi ni mwanamume. Ila mtu akiwa mwanamke tunaongeza "wa kike", kana kwamba neno limempokea kwa mlango wa nyuma. Tazama tena neno "mwiko". Mwiko ni wa kusongea ugali. Mwiko ni wa mwashi, wa kuchotea na kutandazia udongo kwenye tofali. Na mwiko ni jambo lililokatazwa. Mwanamke wa kwetu anapewa mwiko wa kwanza tangu hajafikia kimo cha jiko. Akiutaka wa pili, anaambiwa ule wa tatu.

Wala si kwamba kazi yenyewe ni nzito mno kwake, kama wanavyosema. Wazee wa Uchaggani walichimba mifongo iliyoleta maji kutoka kwenye makorongo ya mlima mpaka vihambani, na hiyo ni kazi ya akili ambayo wageni wengi waliistaajabia. Kuchimba mfongo na kuujua mteremko wake kulikuwa kwa wanaume. Wanawake walikuwa wapi? Walikuwa wanapanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, kutoka tambarare. Basi mwanamke hakukatazwa kubeba mzigo. Alichokatazwa ni ujuzi. Na pale barazani mambo yalikuwa vile vile: karai la zege bila shaka ni zito kuliko timazi, lakini karai alipewa dada na timazi akapewa kaka.

Tukitoka Patata, tuitazame fasihi yetu kwa upana kidogo. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), Rosa anasomea ualimu Morogoro. Mwalimu ni mtaalamu. Lakini mwulize msomaji yeyote anakumbuka nini: atakutajia fimbo za Zakaria, atakutajia wanaume, atakutajia kifo. Hatakutajia jinsi Rosa alivyofundisha. Kazi yake imekuwa kama nguo aliyovaa tu. Simlaumu mwandishi, maana dhamira yake ilikuwa nyingine; naeleza mazoea yetu. Mhusika wa kike katika vitabu vyetu huteswa, hudanganywa, hulia, pengine huasi. Ni nadra kumwona anajifunza kitu kigumu, anakosea, anarudia, anakiweza.

Hata hivyo mfano upo, tena wa zamani. Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti Binti Saad anatuandikia maisha ya mwanamke aliyetoka Fumba, Unguja, kwa watu wa ufinyanzi, akaingia kwenye taarabu wakati ambapo fani hiyo ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wapigaji wake, wote wanaume, na sauti yake ikatiwa kwenye santuri. Kinachonivutia katika wasifu huo ni kwamba mwanamke anaheshimiwa kwa sababu ya kazi aliyojifunza na kuiweza. Siti si ishara ya kitu kingine. Ni fundi wa sauti. Shaaban Robert, ambaye tunapenda kumwita mtu wa mawaidha, hapo alituachia kielelezo ambacho hatujakifuata vya kutosha.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu limeshakuja. Nilipomweleza mwalimu mmoja mawazo haya aliniambia, "Wewe unasoma sitiari kama risiti ya duka la vifaa vya ujenzi." Tulicheka wote wawili, na ninakubali kwamba ana hoja. Nguzo Mama ni umoja wa wanawake, ni ukombozi, ni nchi. Si baraza la Old Moshi. Lakini sitiari huazima nguvu zake kwa kitu chenyewe. Ukiazima jembe huna budi kujua jembe linalima vipi. Kama ukombozi ni nguzo, basi una msingi unaochimbwa ambao hauonekani, una nondo zinazoanzia chini, una siku za kumwagilia maji baada ya watu kushangilia na kuondoka. Usomaji wa "adui wa mwanamke ni mwanamke" unaifanya nguzo iwe bendera: kinachotakiwa ni mikono mingi na moyo mmoja, ikapanda.

Tena nasema usomaji huu wa kifundi unampa mwandishi heshima zaidi, si pungufu. Tukumbuke wakati wenyewe. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza mwongo wa wanawake, kuanzia mkutano wa Mexico mwaka 1975 mpaka ule wa Nairobi mwaka 1985. Ilikuwa miaka ya maazimio na vitenge vyenye maandishi. Mwandishi mwingine angeisimamisha nguzo kwenye onyesho la mwisho, wimbo ukapigwa, pazia likafungwa. Muhando alikataa kutudanganya. Nguzo isiyo na msingi ameiacha chini, mahali pake. Huo ndio ukweli mkubwa wa mchezo huu. Upungufu ninaouona mimi ni mmoja: hajamleta hata Bi mmoja ambaye angeuliza swali la mdogo wangu. Chizi anaona kila kitu, lakini kuona si kujenga.

Nimalizie na baraza. Wiki ya mwisho ya likizo fundi mkuu alipata homa, na nguzo ya nne ilikuwa bado. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema tangu mwanzo kwamba huyo binti asiguse nguzo, apewe maji achote. Siku hiyo hakuwepo. Mdogo wangu akafunga ringi mwenyewe, akasimamisha boksi, akatundika timazi, vijana wakampandishia zege. Fundi aliporudi aliipima pande zote nne, hakusema kitu, akawasha sigara. Jumamosi mdogo wangu akalipwa ujira wa saidia fundi, kama kawaida.

Usiku ule aliniambia anafikiri kuacha, aende Kiborloni kuuza mitumba kama wenzake. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na insha yenye alama nzuri inayosema wanawake wapendane, na nilijua haitamfaa. Hakuna aliyemchukia pale kiwanjani, wala hakugombana na mwanamke yeyote. Alichokosa ni mtu wa kusema kwa sauti, mbele ya mwenye nyumba, kwamba nguzo ya nne kaisimamisha huyu.

Basi, wenzangu mnaoandika na mnaohakiki, naomba kutoa hoja. Kusema kwa sauti ni kazi yetu. Tumekwisha kumwandika mwanamke anayelia, na tulifanya vizuri kumwandika. Sasa tumwandike na huyu mwenye simenti kwenye kucha, na tuiandike kazi yake kama mtu anayeijua. Yeye bado yuko kazini. Masika ya mwaka huu yamepita, na nguzo ya nne imesimama.