Rafiki Anayefia Nje ya Picha: Kuisoma Mississippi Masala Tukiwa Arua

Filamu ya Mississippi Masala (1991), iliyoongozwa na Mira Nair na kuandikwa na Sooni Taraporevala, husifiwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi: Mina, binti wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, anampenda Demetrius, kijana Mweusi wa mji wa Greenwood, Mississippi, na jamii zote mbili zinakasirika. Makala haya yanamwacha Demetrius kando kwa muda na kumtazama mhusika anayeonekana kwa dakika chache tu, Okelo, rafiki Mwafrika wa baba yake Mina. Nadai kwamba swali zito kuliko yote katika filamu hii, yaani mtu asimame vipi na mwenzake wa rangi nyingine anayeonewa, limebebwa na Okelo, na kwamba filamu yenyewe haikumtendea haki.

Tuanze na tukio. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Jay, babake Mina, ni wakili na mzaliwa wa Uganda. Anakamatwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya Amin, na Okelo anatoa hongo ili aachiliwe. Kisha Okelo anamwambia jambo ambalo Jay hatalisahau: kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika, tena Waafrika Weusi. Jay anasikia usaliti. Siku ya kuondoka anamgeuzia kisogo mtu aliyemtoa kifungoni, na chuki hiyo anasafiri nayo hadi Uingereza, halafu Marekani.

Sikiliza maneno hayo upya, lakini sasa uyapime kwa vitendo vya msemaji. Mtu aliyemtaka Jay aondoke kwa sababu ya rangi yake asingetoa fedha kumwokoa. Okelo anasema ukweli mchungu kwa sababu anajua askari watarudi. Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema kwamba rafiki huyo atazungumza maneno matamu. Na kuna jambo ambalo filamu hailigusi, ingawa mtazamaji wa Uganda analiona mara moja. Okelo ni jina la Kiluo. Waacholi wanalo, Walangi wanalo, na hapa kwetu West Nile Waaluri wanalo. Mwaka 1971, baada ya Amin kutwaa madaraka, askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa ndani ya kambi zao. Mwaka uliofuata, mtu mwenye jina kama hilo kwenda kituoni kumtetea Mhindi aliyemtukana Rais ni ujasiri ambao hati ya filamu haikuupima. Kwa mtazamaji wa London, Okelo ni Mwafrika mwema tu. Kwa mtazamaji wa Arua, ni mtu ambaye naye yumo hatarini.

Sasa twende Greenwood, miaka 18 baadaye, ambako Nair anaonyesha umahiri wake wote. Mina anagonga gari la Demetrius kwa gari la jamaa yake. Wahindi wenye moteli, wakiogopa kushtakiwa, wanamwendea Demetrius kwa tabasamu na kumwambia kwamba wao sote ni watu wa rangi, mradi si Wazungu, kwa hiyo washikamane. Tunacheka, na tunapaswa kucheka, maana umoja huo ni wa kukwepa fidia. Habari za mapenzi zinapojulikana, moteli zilezile zinamnyima Demetrius kazi ya kusafisha mazulia, benki inaanza kumbana kuhusu mkopo wake, na hakuna aliyebaki wa kushikamana naye. Neno letu la kawaida kwa dhana hii ni "mshirika". Katika Kiswahili cha kila siku mshirika ni mwenye fungu: anaweka mtaji, anagawana faida, anagawana hasara. Wale jamaa wa moteli walitaka faida tu. Okelo ndiye aliyeweka mtaji.

Demetrius mwenyewe anamkabili Jay na kumwonyesha ngozi ya shavu lake: tofauti ya rangi kati yao ni ndogo, lakini Wahindi wakifika Marekani hujifanya Wazungu. Jay hana jibu la maana. Mtu aliyefukuzwa kwa rangi yake anamkataa kijana kwa rangi yake. Filamu inajua kwamba kuonewa hakumfundishi mtu moja kwa moja kutoonea, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Udhaifu wake uko katika yale yaliyoachwa Uganda. Tunaionyeshwa nyumba nzuri ya Jay kilimani, maua na kijani, tunaombolezeshwa kuipoteza. Hatuulizwi kwa nini katika Uganda ya kikoloni Mzungu alikaa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, wala nani alikuwa chini kabisa. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni iliiweka West Nile kuwa chimbuko la vibarua. Walugbara na Waaluri walisafiri kwenda kukata miwa Kakira, kwa akina Madhvani, na Lugazi, kwa akina Mehta. Malalamiko dhidi ya mfumo ule yalikuwa ya kweli. Amin aliyachukua malalamiko ya kweli akayafanya kisingizio, na maduka yaliponyang'anywa hayakwenda kwa wakata miwa. Yalikwenda kwa askari na vipenzi vya serikali, wale ambao Waganda waliwaita mafutamingi. (Mwalimu wa sarufi angesahihisha kuwa mafuta mengi; jina limekataa kusahihishwa.) Mahmood Mamdani, aliyefukuzwa mwaka huohuo na ambaye baadaye alimwoa Nair, amechambua kwa kina jinsi ukoloni ulivyogawa watu kwa rangi. Uchambuzi kama huo haumo katika filamu.

Halafu kuna askari. Wakati familia ya Jay inasafiri kwenda uwanja wa ndege, basi linasimamishwa na mkewe, Kinnu, anashushwa na kunyanyaswa. Askari hao hawana majina wala makwao. Lakini Uganda mtazamaji huwapa makwao papo hapo: West Nile, kwa sababu asili ya baba yake Amin ni Koboko. Hukumu hiyo haikuishia kwenye mawazo. Baada ya Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, askari wa jeshi jipya, UNLA, waliingia West Nile kulipiza kisasi, na watu wengi wakakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 askari hao waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombachi, hapa nje ya mji wa Arua. Waliuawa kwa kuwa "watu wa Amin", kama vile Jay alivyofukuzwa kwa kuwa "Mhindi". Nionavyo mimi, hapa ndipo mwanafunzi wa Arua anapopata haki ya kuzungumza juu ya 1972, na pia wajibu wake. Anaijua hukumu ya jumla kutoka pande mbili: aliyehukumiwa, na aliyedhaniwa ndiye mwenye bunduki.

Inafaa kulinganisha na The Last King of Scotland (2006) ya Kevin Macdonald, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Humo daktari wa Uganda, Junju, anamsaidia Garrigan, daktari Mskoti wa kubuni, kutoroka Entebbe, akitaraji kwamba ulimwengu utamwamini kwa kuwa ni Mzungu. Junju anauawa, Garrigan anaruka. Filamu mbili, wakurugenzi wawili wasiofanana, lakini mtambo ni uleule: Mwafrika anasimama na mgeni, analipa kwa maisha yake, na kifo chake kinakuwa somo la yule aliyenusurika. Afadhali Junju tunamwona akifa. Kifo cha Okelo tunakisikia tu.

Jay anarudi Kampala kwa kesi ya nyumba yake. Anamtafuta Okelo, anaambiwa kwamba aliuawa zamani, na kwamba chanzo kilikuwa kumsaidia yeye. Roshan Seth anaigiza mshtuko huo vizuri sana, uso tu, bila maneno mengi. Kisha kamera inamfuata mtaani, mtoto mdogo anamshika uso, na tunaachwa tuhisi kwamba amepona. Ningependa Nair angebaki shuleni alikofundisha Okelo dakika mbili zaidi, nimsikie mtu aliyemfahamu akieleza siku ile alivyochukuliwa, nani alikuwapo, na nani alikaa kimya. Kwa miaka mingi Jay ameiandikia serikali ya Uganda barua kuhusu nyumba. Hatumwoni hata mara moja akimwandikia Okelo.