Bilauri ya Maji

Kwetu, mtoto aliyezubaa darasani aliambiwa kwamba jembe linamngoja. Ndiyo maana nilipochaguliwa kusomea kilimo cha bustani katika chuo kilicho chini ya Mlima Meru, Arusha, jirani mmoja alikuja kumpa mama pole. Nami nilipanda basi nikiamini ninakwenda kufundishwa jambo ninalolijua, maana nilianza kushika jembe nikiwa na miaka saba.

Somo la kwanza lilikuwa konzi ya udongo. Tuliulowesha, tukauviringisha kiganjani mpaka ukawa kama kijiti, kisha tukajaribu kuupinda. Kichanga hakikubali hata kuwa kijiti. Mfinyanzi unajipinda mpaka unakuwa pete. Tifutifu unapinda kidogo, halafu unapasuka. Nilisimama pale na pete yangu ya udongo, nikitambua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimelima kitu nisichowahi kukigusa kwa nia ya kukijua.

Kitaluni nilijifunza kwa uchungu. Tuta langu la nyanya nililimwagilia asubuhi, mchana na jioni, kwa mapenzi tu. Haikupita wiki mbili, miche ikaanza kulala mmoja mmoja, mashina yamenyongeka pale yanapotokea ardhini. Ni kinyausi, ugonjwa unaofurahia miche iliyobanana na udongo usiokauka. Mwalimu hakunikaripia. Aliniambia nisie tena, kwa nafasi, nimwagilie asubuhi tu. Na wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza, nipunguze maji na kivuli ili miche ikomae. Kuunyima mmea maji kwa faida yake: jambo hilo lilinichukua muda kulikubali moyoni.

Chuo hakikunifanya nimdharau bibi yangu. Kinyume chake, ndipo nilipoanza kumwelewa. Kila msimu aliacha mashina mawili matatu ya mnafu, yale yenye majani mapana, na ole wake mtoto atakayeyachuma kabla vitunda havijaiva. Alikuwa akichagua mbegu. Huko huko Arusha, kituo cha World Vegetable Center, kilichopo tangu 1992, kinahifadhi mbegu za mboga zetu za asili, mnafu ukiwamo. Pia kuna nyanya iitwayo Tengeru 97, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1997; jina lake ni mahali na mwaka, basi. Nawaheshimu sana watu wanaohangaikia mbegu kwa miaka, kisha wasiipe jina lao.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni kubebesha. Kwa mwembe, unachagua kikonyo kutoka kwenye mti unaojulikana kwa matunda yake, chenye unene wa penseli, na siku kadhaa kabla ya kukikata unakipunguza majani ili macho yavimbe. Unakichonga kama kabari, unapasua shina la mche, unakichomeka. Gome la huku na gome la kule lazima yakutane, kwa sababu chini yake ndipo lilipo lile tabaka jembamba, laini na lenye unyevu, linaloishi na kuunga. Ukikosea kwa upana wa uzi, kikonyo kinakauka. Kisu kiwe kikali na safi, mkono usisite. Unafunga kwa ukanda wa plastiki, unafunika, halafu huna la kufanya ila kusubiri wiki tatu, nne. Vikonyo vyangu vya kwanza vilikauka vyote. Siku jicho la kwanza lilipochipua, jekundu kama ulimi wa mtoto, nilimwita kila niliyemwona.

Nyanya nayo hubebeshwa: nyanya juu, shina la bilinganya chini. Sababu yake tuliiona kwenye bilauri. Mwalimu alikata shina la nyanya iliyonyauka ikiwa bado na majani mabichi, akalining'iniza ndani ya maji safi. Tukanyamaza. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama moshi wa ubani ukaanza kushuka kutoka kwenye shina. Walikuwa bakteria, kwa maelfu wasiohesabika, waliokuwa wameziba njia za maji ndani ya mmea. Hakuna dawa ya kupuliza inayowafikia huko.

Sasa mimi ni bibi shamba. Mwezi uliopita alikuja kwangu mama mmoja na nyanya iliyonyauka ndani ya khanga. Alikuwa ameshanunua dawa za ukungu mara tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bibi shamba. Nipe dawa ya nne."

Nilikata shina, nikamwomba asogee karibu na dirisha penye mwanga. Alipouona ule uzi ukishuka, alishika bilauri kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza shamba lile alipande nini msimu ujao, tukaanza kuzungumzia mahindi.