Sifa Zenye Shahidi

Siku hizi mtu akiwa na kitu cha kuuza hukipiga picha, akakisifu kwa maneno mawili, "mali safi", kisha akamalizia: bei njoo inbox. Hasemi kimetoka wapi, nani alikitengeneza, wala nani ataulizwa kikiharibika keshokutwa. Jina lake mwenyewe hulificha nyuma ya namba ya simu. Tumekubali kuishi hivyo, na wengi hawaoni kilichopotea. Mimi nakiona kila nisomapo kurasa za zamani za Virginia Gazette, gazeti ambalo William Parks alianza kulichapa mjini Williamsburg mwaka 1736, Virginia ikiwa bado koloni la Uingereza. Humo, kila baridi ilipokaribia kwisha, yalitoka matangazo mafupi ya farasi dume waliowekwa tayari kupanda majike ya majirani. Ni maandishi ya biashara, ya mistari michache tu, na bado nayathamini kuliko vitabu vingi vinene.

Virginia ya wakati huo ilikuwa nchi ya tumbaku na ya mbio za farasi. Mwanzoni walishindana kwa robo maili: farasi wawili, njia mbili nyembamba zilizonyooka, na dau lililoweza kumfilisi mtu kabla vumbi halijatua. Baadaye matajiri walipoanza kufuata desturi za viwanja vya Uingereza zikaja mbio ndefu za maili nne, na farasi wa mbio hizo ilibidi aagizwe kwa meli. Mwaka 1730 aliletwa Bulle Rock, anayehesabiwa kuwa wa kwanza wa ukoo wa Kiingereza wa mbio kufika katika makoloni hayo. Wakafuata Jolly Roger, Janus, na mwaka 1764 Fearnought, aliyeagizwa na Kanali John Baylor wa wilaya ya Caroline, mtu aliyezipenda mbio hata akaliita shamba lake Newmarket, kwa jina la mji wa Uingereza unaosifika kwa mchezo huo. Gharama ya kumvusha mnyama kama huyo Atlantiki ilirudi polepole, kwa ada za majike. Lakini wenye majike waliishi mbali, wengine mwendo wa siku nzima na zaidi kwa njia za matope. Aliyekuwa na dume alilazimika kumsema kwa maandishi.

Mwandishi wa tangazo alianza na jina la farasi, kisha mahali alipo: shamba la nani, wilaya gani, njia ipi ya kufikia. Akataja rangi, alama za usoni na miguuni, umri, na kimo kwa kipimo cha viganja, kila kiganja inchi 4. Vipimo hivyo vilikuwa na kazi. Janus, aliyezaliwa mwaka 1746 na kuletwa Virginia katika miaka ya 1750, alikuwa mfupi, zaidi kidogo tu ya viganja 14. Aliyempelekea jike wake alijua anachokifuata: mwili ulioshikana, misuli ya nyuma iliyojaa, na mbio za ghafla ambazo wanawe walizirithi hata wakatawala njia za robo maili. Fearnought alikuwa mrefu na mwenye umbo kubwa, na kwake walipelekwa majike waliotarajiwa kuzaa wakimbiaji wa maili nne. Msomaji aliweza kuchagua kwa sababu alikuwa ameambiwa.

Kisha ikaja nasaba, na hapo ndipo moyo wangu hukaa. Tangazo zuri halikusema kwamba farasi ni wa ukoo bora likaishia hapo. Lilimtaja baba, na baba wa baba, na mama, na baba wa mama, na baba wa bibi, ngazi kwa ngazi, mpaka lifike kwa mmoja wa madume wa Mashariki ambao ukoo wote wa farasi wa mbio unarudi kwao. Fearnought alikuwa mwana wa Regulus, na Regulus mwana wa Godolphin Arabian, dume ambaye masimulizi yanamleta Ulaya kutoka Tunis, akapitia Ufaransa, akafia Uingereza mwaka 1753. Janus naye alikuwa mjukuu wa huyo huyo. Bulle Rock alitajwa kuwa mwana wa Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo, Syria, na kupelekwa Uingereza mwaka 1704. Majike wengi wa zamani hawakuwa na majina, wakatambulishwa kwa baba zao: binti wa fulani, mjukuu wa fulani. Hata hivyo hawakuachwa, kwa kuwa kila mfugaji alijua kwamba nusu ya mbio za mtoto hutoka kwa mama.

Msomaji wa pwani yetu haoni ugeni hapo. Lamu na Zanzibar watu wamekua wakisikia nasaba zikitajwa kutoka babu hadi babu, na wanajua kwamba utajaji wa namna hiyo hauvumilii kosa. Ukiruka jina moja, yupo mzee mkekani atakayekusahihisha, na hatakusahihisha kwa siri.

Tena ilikuwa kazi nzito kuliko tunavyodhani leo, maana hapakuwa na daftari rasmi la kutazamia. Uingereza yenyewe ilipata General Stud Book ya kwanza mwaka 1791, kwa juhudi za James Weatherby. Kabla ya hapo Virginia ilitegemea vyeti vilivyoandikwa na waliomzalisha farasi, barua zilizokuja na meli, kumbukumbu za wazee wa viwanjani, na gazeti. Tangazo lililokusudiwa kudumu msimu mmoja likageuka hati. Katika karne ya 20, Fairfax Harrison, aliyewahi kuwa rais wa kampuni ya reli ya Southern Railway, alipotaka kuandika historia ya farasi hao, magazeti ya zamani yalikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakubwa. Aligundua pia kwamba wapo waliodanganya, waliompachika farasi bibi asiyekuwa wake. Lakini hata mwongo wa zama zile alilazimika kudanganya kwa kutaja jina, na jina la uongo hukamatika. Huyu wetu wa leo hasemi lolote la kukamatika. Maneno yake ni moshi.

Baada ya nasaba yalikuja masharti, na kwangu hayo nayo yana uzuri wake. Bei ilitajwa wazi, tena kwa ngazi: kiasi fulani kwa kupanda mara moja, kiasi kikubwa zaidi kwa msimu mzima, na mara nyingine kiasi kikubwa kuliko vyote kwa dhamana kwamba jike atashika mimba. Waliopungukiwa na fedha taslimu waliweza kulipa kwa tumbaku, maana tumbaku ilikuwa sarafu ya nchi. Mwenye dume aliahidi malisho mazuri kwa majike watakaoachwa kwake, kisha akasema bila kificho kwamba hatawajibika jike akitoroka au akiibwa. Anayesema mapema asichoweza kukibeba anamheshimu mteja wake. Wahenga wetu wamesema ahadi ni deni, na watu hawa waliziandika ahadi zao kwa uangalifu wa mtu anayejua atadaiwa. Chini kabisa aliweka jina lake, yeye mwenyewe, mwenye shamba linalojulikana na njia ya kulifikia.

Tusimsahau fundi wa pili, mpiga chapa. Herufi za risasi alizipanga moja moja kwa mkono, zikiwa kinyumenyume, zikasomeka sawa zilipokandamizwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa matambara. Katika Gazette ya wachapaji Purdie na Dixon tangazo la urefu wa wastani lilitozwa shilingi 3 wiki ya kwanza na shilingi 2 kila wiki iliyofuata, na lililorefuka lilizidishiwa ada kwa urefu wake. Kila neno lilikuwa na gharama, na neno lenye gharama hupimwa kabla halijatoka. Clementina Rind alipofiwa na mumewe mwaka 1773 alikiendesha mwenyewe kiwanda cha chapa mjini Williamsburg, akilisha watoto wake kwa kazi hiyo hiyo, na matangazo yalikuwa sehemu ya riziki hiyo.

Wakati mwingine juu ya tangazo paliwekwa mchoro mdogo wa farasi uliochongwa kwenye mti. Kipande kimoja kilitumika kwa farasi huyu leo na kwa mwingine kesho, mweusi kwa mwekundu, mrefu kwa mfupi. Picha haikumtofautisha yeyote. Kazi yote ya kumtenga Fearnought na mamia ya farasi wengine iliachiwa maneno, na maneno yaliiweza. Sisi tuna picha kali zinazoonyesha kila unywele wa bidhaa, na tukizitazama tunabaki hatujui lolote la maana juu yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: ndivyo tulivyofundishwa, na mtu anaweza kuuliza farasi mzuri alihitaji tangazo la nini. Nadhani wenye farasi hao wangeikubali methali hiyo. Tangazo lao lilimwelekeza jirani mahali pa kwenda kujionea. Mwenye jike alifika, akamzunguka dume, akamtazama meno, akainua kwato, akauliza. Miezi 11 baadaye mtoto alisimama kwa miguu yake minne mbele ya wilaya nzima. Miaka michache zaidi alikuwa kiwanjani, na kila aliyewahi kulisoma tangazo la baba yake alikuwepo kandokando ya njia. Mtu aliyejua kwamba sifa zake zitahukumiwa hadharani, na watu atakaokutana nao kanisani na mahakamani maisha yake yote, aliziandika kwa kiasi. Ndicho kilichouzaa ufundi ule: kuishi karibu na watakaokushuhudia.

Lakini siwezi kuusifu ukurasa ule kisha nikaupa kisogo upande wake wa pili. Mahali pale pale, mara nyingi safu moja na farasi, palichapwa matangazo ya watumwa waliotoroka na ya watumwa wa kuuzwa, yenye mchoro wake mdogo wa mtu anayekimbia. Waliolala zizini na madume hao, wakawalisha, wakawatembeza alfajiri na wengi wakawapanda mbioni, walikuwa Waafrika na wana wa Waafrika waliofanywa mali. Mkono ulioandika kwa uangalifu jina la baba wa bibi wa farasi haukuona haja ya kuandika jina la baba wa aliyeshika hatamu. Sisi ambao kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuna haki ya kuupita ukurasa huo haraka. Katika Carolina Kaskazini alikuwepo Austin Curtis, mtumwa wa Willie Jones wa Halifax, mpanda farasi na mfunzaji aliyesifika kuliko wote katika mbio za robo maili. Alipewa uhuru wake mwaka 1791, na jina lake limetufikia. Kwa kila mmoja aliyetufikia wako wengi waliojua tabia ya dume kuliko mwenyewe, waliompa jirani neno la kweli pembeni ya zizi, na hakuna tangazo lililowataja.

Zama zile zilikatika kwa mshindo. Oktoba 1774 Kongamano la Bara, baraza la wajumbe wa makoloni lililokutana Philadelphia, liliwataka wakoloni waache anasa, na mbio za farasi zikatajwa kwa jina miongoni mwa mambo ya kukatazwa. Vita vya kupigania uhuru vikaja, farasi wakachukuliwa jeshini, Fearnought akafa mwaka 1776 na Janus mwaka 1780. Mbio zilirudi baada ya amani, na matangazo pia yakarudi. Mwaka 1798 Virginia ilimpokea Diomed, mshindi wa mbio za kwanza za Derby za Uingereza mwaka 1780, akiwa mzee wa miaka 21 ambaye Uingereza ilikwisha kumchoka, naye akazaa ukoo mkubwa wa farasi wa Marekani kabla ya kufa mwaka 1808. Lakini taratibu nasaba zikahamia kwenye madaftari, sifa zikahamia kwa watu wa kuajiriwa kusifu, na mwenye kitu akaacha kuandika habari za kitu chake.

Chembe za ufundi huo bado zipo. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anayetaka uhimilishaji huonyeshwa orodha ya mafahali, kila mmoja na baba yake, mama yake, na maziwa waliyotoa binti zake. Hutamsikia mfugaji huyo akiridhika na "mali safi". Anauliza, na ana haki ya kujibiwa. Inaniuma kwamba tunamdai muuza mbegu ya fahali ukweli ambao hatumdai muuza dawa, muuza kiwanja, wala anayekuja kutuomba kura. Hao tunawaachia wajisifu watakavyo, bila baba, bila mama, bila bei, bila jina chini ya karatasi.

Kama wako vijana wanaojifunza kuandika matangazo katika miji yetu, ningewawekea mbele kurasa za Williamsburg na kuwataka wazisome pande zote mbili: ule unaoonyesha jinsi ya kusifu kwa majina, kwa vipimo na kwa sahihi, na ule unaoonyesha watu walioachwa bila majina na mikono hiyo hiyo stadi. Anayejua kulea ukweli wa farasi hadi kizazi cha tano hana udhuru wa kumsahau mtu aliyesimama kando yake. Ufundi ule uliwapa wanyama heshima ya kutajwa walikotoka. Deni lililobaki, na hatujaanza kulilipa, ni kuwapa heshima hiyo watu wanaovitengeneza vitu tunavyonunua.